Mkalimani wa Maisha Yake

Wazazi wenzangu, mkiitwa shuleni, msimfanye mtoto mkalimani wa maisha yake mwenyewe.

Mwalimu mgeni, ambaye lugha yetu haimpandi, alitaka kujua kama binti yangu atamaliza kwa mtihani wa taifa au wa kimataifa. Mimi nilikuwa nimetoka kufua mashuka ya hospitali, mgongo umekaza kama ubao, nataka yaishe nikalale.

Mwalimu akasema maneno mengi, mkono kifuani, karibu ananisihi. Binti akayageuza kwa pumzi moja.

"Anasema wa taifa unanifaa, mama. Nitasoma chuo cha hapa hapa."

"Maneno yote yale, mwanangu? Umeyapitisha kwenye chujio gani?"

"Ndivyo alivyosema. Mwambie sawa, twende."

Nikamwambia mwalimu, "Sawa. Taifa."

Neno hilo alilijua. Uso ukamsinyaa, kama mtu anayeona maziwa yakimwagika.

Nikamshika binti mkono.

"Amesema nini hasa?"

Akainamisha kichwa. "Anasema kwa alama zangu, wa kimataifa utanipatia ufadhili, nikasomee udaktari nje. Miaka mingi, mama. Sasa asubuhi nani atakuinua kitandani?"

Mwalimu alikuwa bado ananitazama, kama anangoja jibu jingine.

Nikauachia ule mkono. Nikashika ukingo wa meza, nikauma meno, nikaanza kujiinua mwenyewe.