Magoti ya Mzee Mavumba

Mzee Mavumba alikuwa ngiri mkimya. Kila kiangazi alikwenda bwawani kumpigia Simba magoti, wakazungumza taratibu, na ngiri wote wakanywa maji bila kuguswa.

"Mtumwa wewe, unatuaibisha!" vijana wakamfokea, wakamfukuza.

"Haya, nendeni nyie wenye vifua," mkewe akawaambia.

Kinara wao akamwendea Simba kichwa juu. "Tupishe, tunywe!"

Simba akacheka, kisha akamla.

Waliobaki wakarudi mbio. "Bibi, mzee yuko wapi? Atuombee!"

"Amekufa kwa kiu huko mlikomfukuzia, wapumbavu nyie!"

Tangu hapo ngiri hata nyasi hula wamepiga magoti. Watoto wakiuliza, huambiwa eti ndiyo adabu ya ukoo. Jina la Mavumba hawalitaji, mafidhuli hao!