Jibu la Kikosi

Katika uwanja wa kambi ya jeshi mjini Cuenca, sajini aliita jina la kijana aliyefia uhuru. Hakuna aliyesogea, ila kikosi kizima kikavuta pumzi kwa pamoja, kikanguruma, kama ilivyo desturi: "Alikufa kwa utukufu, yu hai mioyoni mwetu!"

Zoila akakikumbatia kikapu cha humita, mikate ya moto ya mahindi aliyompikia mwanawe. Mwanawe, askari wa kikosi hicho, alitakiwa kurudi jana kutoka mpakani.

"Unatetemeka nini, mama? Huyo alikufa enzi za mababu," mwanamke wa kando akamtania.

Sajini akaendelea kuita, askari wakaitika mmoja mmoja: "Nipo!" Kisha akaita jina la mwanawe.

Kimya.

"Atakuwa kasinzia, mvivu huyo," Zoila akanong'ona, kikapu kikimuunguza kifuani.

Mbele yake, kikosi kizima kikavuta pumzi kwa pamoja.