Mfereji wa Magimbi

Tangu asubuhi Bi Namsifu alikuwa amesimama ndani ya mfereji, jembe mkononi, ili usifukiwe. Ofisa wa hifadhi alipofika na ramani yake, Bi Namsifu alimuuliza, "Mnaanza kufukia wapi?"

"Hatufukii, mama. Bonde ni hifadhi sasa, lakini mfereji waliouchimba bibi zenu unabaki. Na magimbi pia."

"Na sisi tunaousafisha?"

"Mkiondoka, utajaa tope msimu mmoja tu. Mnabaki."

Bi Namsifu akashusha pumzi, akaweka jembe chini.

"Basi vua viatu, uje uuone. Humu haingii mtu na viatu."

Ofisa akaketi kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba. Bi Namsifu akang'oa kizibo cha shina la mgomba kilichozuia maji, nayo yakateremka taratibu kuelekea mashambani.