Upande wa Pili wa Sahani

Kila mwonjaji aliketi peke yake katika kijichumba cha mbao, asije akautazama uso wa mwenzake akamwiga. Kwa Mzee Shebe upweke huo haukuwa mgeni. Tangu mkewe Mosi afariki, chakula chake cha jioni kilikuwa chai na mkate; nani ainjike chungu cha kunde kwa ajili ya mtu mmoja?

Salha, mtafiti, alimpitishia sahani dirishani. "Ndizo hizi kunde zetu mpya, baba. Tumezibadili vinasaba ili ziongeze damu mwilini. Ukizipenda zimalize, usipozipenda nirudishie."

Mzee akala. Zilikuwa laini, nzito, nazi imezikolea barabara. Akaramba kijiko, akairudisha sahani.

Salha aliitazama, akanyong'onyea. "Umeacha nusu, baba. Nusu ikibaki tunaandika zimekataliwa. Wengi wakizikataa, wakulima hawapewi mbegu."

"Zimekataliwa? Mbona nimezipenda mno, mwanangu!"

Akaitazama sahani. Upande wake ulikuwa mweupe, umekwanguliwa. Upande wa pili haukuguswa hata punje moja. Miaka arobaini alikula na Mosi sahani moja, na mkono wake haukuwahi kuvuka katikati.

"Nipe tena," alisema kwa sauti ndogo.

Akaigeuza taratibu, upande wa Mosi ukawa mbele yake. Akainua kijiko, kikabaki hewani, naye kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.