Pipa la Jikoni kwa Nyamvula

Zama hizo kila jiko lilikuwa na pipa la bakteria, wale wanaokula mabaki ya antibiotiki kabla maji machafu hayajafika mtoni. Maji ya pipa la Nyamvula yalitoka yanang'aa, basi akawa anamnywesha mwanawe Mbeyu.

Sasa Mbeyu ana homa siku ya tano, anameza vidonge vya antibiotiki na homa haishuki hata kidogo!

"Mama Mbeyu, ulimpa maji ya pipa?" nesi wa zahanati akauliza.

"Kwani si safi?"

"Safi sana. Ila bakteria wamehamia tumboni. Dawa wanaila wao."

"Ha! Sasa tunawauaje?"

"Kwa antibiotiki," nesi akajibu, kisha akakifunika haraka kichupa cha vidonge.

Mbeyu akafumbua macho. "Mama, niongezee kidonge. Ni kitamu."