Mota Mbili za Rahabu

Rahabu alizungusha shafti ya mota kubwa kwa vidole viwili, akahisi inakwaruza, kama beringi imeingia mchanga. Akarudia. Ikakwaruza tena.

Mota ya kwanza ya bajaji yao, waliyoitoa injini ya petroli ili itumie umeme, iliungua juzi mlimani. Bajaji ilirudi nyuma yenyewe na mgonjwa ndani, mpaka mtaroni. Sasa zilikuwepo hizi mbili, zote za mtumba.

Mumewe, ambaye ndiye dereva, aliingia gereji akihema. "Mama yako amepiga simu kutoka Ulemo. Mdogo wako ameanza uchungu, tukamchukue tumpeleke hospitali. Funga hiyo kubwa, ina nguvu."

"Hii inaweza kukwama ghafla tukiwa kwenye mteremko."

"Na ndogo?"

"Ndogo ni nzima, ila sijui kama itaupanda mlima wa Ulemo na watu."

Jasho lilimtiririka Rahabu mpaka machoni, asilifute. Akaisukuma kubwa pembeni, akachukua spana.

Alipomaliza kukaza nati ya mwisho, alipanda kiti cha nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Tukifika mlimani nitashuka nisukume."

"Na ikiungua kama ile?"

"Washa," alisema Rahabu. "Twende."