Kiti cha Fundi

Kila alasiri, katika darasa la watu wazima, Bi Hidaya alikwama kwenye mstari wa kwanza wa kitabu. Mwalimu Zamda alimhamishia mbele, akamfungulia dirisha, akawanyamazisha wenzake. Kimya kilivyozidi, ndivyo herufi zilivyozidi kumkimbia.

Siku moja mwalimu alimfuata nyumbani.

"Mama, hebu nieleze. Ulisema hapa nyumbani ulikuwa unasoma. Ulikuwa unasomaje?"

Bi Hidaya aliitazama cherehani ya marehemu mumewe, iliyofunikwa kanga kando ya dirisha.

"Fundi akishona, mimi nasoma. Akisimama kukata uzi, na mimi napumzika. Kwenye kimya, mwanangu, nasikia tu kwamba hayupo."

Mwalimu aliifunua cherehani, akaketi kwenye kiti cha fundi, akachomoa uzi kwenye sindano, kisha akaanza kukanyaga. Sindano ikapanda na kushuka bila kushona kitu.

Bi Hidaya akavuta kigoda, akafungua kitabu. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katikati ya wa tatu akanyamaza.

"Umekwama, mama?"

"Hapana. Wewe unakwenda mbio. Yeye akifika kwenye kola alikuwa anapunguza."

Mwalimu akapunguza. Bi Hidaya akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaendelea kusoma. Kisha, bila kuinua uso, akakisogeza kigoda chake kando kidogo, kama alivyozoea, asimkingie fundi mwanga.